Mbuzi Watatu wa Mbithe

Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1996. Asubuhi ilikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma vidole, na huko Thika moshi wa viwanda haukupanda juu, ulilala tu juu ya mabati.

Chumbani kwetu Mwihoko, nilipiga magoti nikashindwa kumaliza sala. Kila nilipofika katikati nilisimama kuangalia kama sketi yangu imekauka. Niliomba jambo moja tu: Mungu anisaidie nisiseme uongo siku hiyo.

Mimi ni Kaveke, mjane. Mume wangu Kimanzi alifariki mwaka 1989 kabla hatujapata mtoto. Mbithe nilimpata katika darasa la jioni Ruiru, tukisomea kitabu kimoja kwa sababu vitabu havikutosha. Tulipendana. Miaka mitatu tumeishi chumba kimoja kama mtu na mkewe, na maombi yangu hayakupungua, yaliongezeka. Lakini mwezi wa Mei mwenye ploti, aliyekuja kudai kodi, alisimama mlangoni akakitazama kitanda.

"Wanawake wawili, kitanda kimoja," alisema. "Mnajua watu hufungwa kwa mambo hayo?"

Tangu siku hiyo sikutulia. Nikisikia viatu nje, nilizima redio.

Ni Mbithe aliyekumbuka iweto. Kwetu Ukambani, mjane asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke kwa mbuzi, mbele ya wazee, ili nyumba ya marehemu isife. Mke huyo ndiye huitwa iweto, na hakuna anayeuliza wanalala wapi. Nilijua akina mama wa kanisani wataniondoa kikundini, maana wao huona hayo ni mambo ya giza. Kitambaa changu cha kikundi nilikuwa nimekwisha kukifua na kukikunja ili niwarudishie. Hilo nililikubali. Uongo sikuukubali.

Mbithe alikuwa ametangulia kwa mjomba wake, mashambani mashariki ya Thika. Mimi nilipitia Makongeni, mjini Thika, kumchukua Kaleli, ndugu ya Kimanzi, aliyetakiwa kusimama nami, pamoja na mbuzi watatu niliowanunua.

"Bwana harusi amefika na sketi!" shangazi Kalondu akapiga kelele tulipoingia, na nyumba nzima ikacheka.

"Mwache," akasema Mzee Mbuvi, mjomba wa Mbithe. "Wa mwisho kumtaka huyu msichana alikuja na suruali, na hakuleta hata kwato."

Chai ikaja. Mzee aliniuliza nitamtunza vipi mwana wake, nikamwambia namenya mananasi kiwandani mwaka wa kumi na moja sasa. Akaridhika. Nikaanza kupumua. Ndipo Kaleli akapangusa mdomo.

"Wazee, tusizunguke. Jina ni la ndugu yangu, na damu ni moja. Mimi ndiye nitakayekuwa naenda Mwihoko. Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha."

Walicheka tena. Mbithe, aliyesimama mlangoni na birika, hakucheka.

"Kaleli, hatukuongea hivyo," nikasema.

"Kwani shemeji, wewe utampa mtoto namna gani? Kwa maombi?"

Kicheko kikazidi. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mimi na Mbithe tulikuwa tumefanya mazoezi ya jibu: niseme nataka mtoto wa jina la Kimanzi, basi. Nikisema hivyo, Kaleli atapata njia ya kuingia kwetu. Nisiposema, mbuzi watarudi Makongeni, na Mbithe atabaki hapa mpaka atafutiwe mwanamume. Niliomba kimoyomoyo, maneno mawili: Bwana, sasa.

"Mzee Mbuvi, katika ndoa ya iweto mume ni nani?"

"Ni wewe. Ndivyo ilivyo."

"Na mlango wa nyumba ni wa nani?"

Mzee alimtazama Kaleli. "Wa mume."

"Hata akivaa sketi," shangazi Kalondu akaongeza.

"Basi mtoto hatapatikana," Kaleli akasema kwa hasira, "na mbuzi wa ndugu yangu wataliwa bure."

"Mbuzi ni wangu," nikamjibu. "Na habari ya mtoto ataamua Mbithe."

Mzee Mbuvi akaweka kikombe chini. "Kama si mtoto, mwanangu, unamuoa wa nini?"

Jibu la mazoezi lilikuwa pale ulimini. Nikaliacha.

"Kwa sababu nikirudi kutoka kazini nisipomkuta, chakula hakishuki."

Hakuna aliyecheka. Shangazi Kalondu akatazama sakafu. Nikawasikia mbuzi wakijikuna ukutani, nikahesabu hatua kutoka kiti changu hadi mlangoni.

"Mbithe," akaita hatimaye. "Tuwachinje mbuzi, ndoa ifungwe?"

"Wachinjwe," akasema Mbithe. Hakusubiri hata kuweka birika chini.

"Basi, Kaveke, sema hawa wote wasikie. Kesho asitokee mtu akadai hakuwapo."

Nilivua kitambaa kichwani, sijui kwa nini, nikasema:

"Mimi Kaveke, mbele za Mungu na mbele yenu, namchukua Mbithe nyumbani kwangu. Nitashiba naye na nitalala njaa naye. Akiugua nitamuuguza. Hakuna mwanamume atakayeingia mlango wetu ambaye Mbithe hakumwita. Na azae asizae, sitamrudisha."