Mwezi Usio na Mwenyewe

Ukuta ulikata ua wetu katikati, ukapita juu ya kisima na kukigawa nacho. Seshagiri, mwanangu mkubwa, akitumbukiza ndoo upande wake, Narasayya mdogo wake huisikia upande wa pili. Siku walipogawana, wazee watano wa kijiji walikaa barazani kwetu tangu asubuhi. Mashamba ya mpunga nusu kwa nusu, minazi ya kando ya mfereji nusu kwa nusu, masufuria ya shaba ya marehemu baba yao yakapimwa kwa mizani. Mwisho nikabaki mimi.

"Na mama je?" mzee mmoja akauliza.

Wakanigawa kwa miezi. Wa kwanza, wa tatu, wa tano na kuendelea hivyo, kwa Seshagiri. Wa pili, wa nne, wa sita, kwa Narasayya. Mwezi ukiandama nachukua furushi langu nahamia upande wa pili. Mimi nilinyamaza. Nilidhani nikinyamaza ugomvi utakwisha upesi, na ukiisha wataubomoa ukuta. Hilo lilikuwa kosa langu. La wale wazee lilikuwa jingine: hata mmoja hakukumbuka mwezi wa ziada.

Mwezi wa ziada hutujia kila baada ya miaka miwili na nusu hivi, ili hesabu yetu ya mwezi isiyatangulie majira ya mvua. Nao huazima jina la mwezi unaoufuata. Mwaka ule ulitangulia Sravanam, mwezi wetu wa tano, mvua zikiwa zimekolea.

Ashadham, mwezi wa nne, ulipokwisha, Narasayya alinibebea furushi hadi mlangoni kwa kaka yake. Kanakam, mke wa Seshagiri, alifungua, akalitazama furushi, akamwita mumewe.

"Si zamu yangu," Seshagiri akasema.

"Kaka, Sravanam umeanza. Wa tano huu."

"Ulioanza ni wa ziada. Wangu unakuja baada yake. Mwezi ambao hata harusi haifungwi, mimi ndiyo nipokee mama?"

"Kwani jina lake nini? Si Sravanam?"

"Jina! Wewe umepewa jina la mungu mwenye kichwa cha simba, mbona mkeo akikohoa tu unajificha?"

Kanakam akacheka huko ndani. Narasayya akaweka furushi chini.

"Mimi wangu nimeumaliza. Siku thelathini, sijapunguza hata moja."

Aliyasema hayo nami nimesimama kati yao, maji ya mvua yananitiririka mgongoni. Siku thelathini, kama mtu aliyemaliza kumeza dawa chungu.

Tukaenda kwa kuhani wa hekalu, mimi, wanangu na wake zao. Akafungua kitabu chake cha miezi, akapitisha kidole mara mbili.

"Mwezi huu hauna mwenyewe," akasema. "Ni wa Mungu."

"Basi Mungu ampokee," akasema Subhadra, mke wa Narasayya, kisha akajiziba mdomo kwa ncha ya sari yake. Nilingoja mmoja wa wanangu amkemee. Kuhani peke yake ndiye aliyeinamisha uso.

Kulikuwa na banda la nyati wetu wa maziwa. Nyati alikufa kabla ya mgawanyo, kwa hiyo hakuna aliyelidai, na ukuta uliishia ubavuni mwake.

"Nitakaa bandani," nikasema.

Nilisema hivyo ili mmoja aseme, la, mama, haiwezekani. Nikasubiri. Nikaona mabega ya wote wawili yakishuka, kama watu waliotua mizigo.

Jioni ile Polamma, jirani yangu, alikuja na mawe matatu ya jiko na makumbi makavu ya nazi.

"Ravamma, umezaa wawili ukakosa paa," akasema. "Mimi sikuzaa, na paa ninalo. Miaka yote hiyo ulikuwa ukinionea huruma ya nini?"

"Washa moto, we mwanamke. Maneno hayaivishi wali."

Akaketi, akapuliza moto, moshi ukatupa sote wawili sababu ya kufuta macho.

Siku ya ishirini na moja nilipika mchuzi wa dengu wenye ukwaju na matunda ya mlonge. Adhuhuri nikaona kivuli mlangoni. Narasayya, na bakuli mkononi.

"Mama, mchuzi umebaki?"

"Kaa."

Hajaketi vizuri, Seshagiri akainama kuingia. Akamwona mdogo wake. Nikaogopa atarudi.

"Harufu imeruka ukuta," akasema, akakaa.

Nilichanganya wali na mchuzi na achari ya embe kwa mkono wangu, nikampa kila mmoja tonge kiganjani, kama walipokuwa wadogo.

"Kaka, unakumbuka ulivyokuwa ukininyang'anya tonge?"

"Nikunyang'anye mara ngapi? Ulikuwa unalia kama mbuzi, na chakula huli!"

Wakacheka hadi Narasayya akapaliwa, na kaka yake akampigapiga mgongoni. Moyo wangu ukasema, leo ndiyo leo. Nikajivuta pembeni kimyakimya, nikakunja sari yangu ya pili, nikafunga furushi, nikalisogeza karibu na mlango.

Walinawa mikono. Seshagiri akaliona furushi. Akamgeukia mdogo wake.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Tisa."

"Ah, si nyingi."

Kila mmoja akaenda mlangoni kwake. Nikalifungua furushi.

Sravanam wenyewe ulipoandama, Seshagiri alikuja asubuhi na mwavuli.

"Twende, mama. Sasa ni zamu yangu."

Nikaenda. Ningefanya nini? Ni mwanangu, na njia nzima alinifunika mimi mwavuli, yeye akaloa. Sufuria niliiosha, nikaiacha imefunikwa juu ya yale mawe matatu.

"Mbona sufuria umeiacha, mama?" Kanakam akaniuliza.

"Haina mwenyewe," nikamwambia.

Nilikwisha kumuuliza kuhani mwezi ule utarudi lini. Alihesabu vidoleni: miezi thelathini na miwili. Kila asubuhi nikimwagilia mrehani wa ibada namwambia Mungu kwamba sina tamaa ya umri mrefu. Thelathini na miwili inanitosha. Huo unaofuata, usio na mwenyewe, asinihesabie.