Jina Lililopanda Ngazi

Mchana ule Ambrose, mtumishi wa siku nyingi wa nyumba, alitumwa gatini kuchagua chaza wa karamu. Alirudi na mapipa mawili ya chaza na uso wa mtu aliyeona mzuka.

“Bibi, nimemwona Bwana Lambert.”

“Lambert yupi?” Bi Lavinia Coverdale aliuliza, ingawa alikwisha kuelewa.

“Kaka yako, bibi. Kashuka na meli ya Halifax. Kakonda, ila ndiye mwenyewe. Kasema nikwambie usiku wa leo anakuja kumwona mama.”

Filadelfia nzima ilijua kwamba Lambert Yardley amekufa, na ilijua hivyo kwa sababu dada yake ndiye aliyemfisha. Katika vita vya uhuru Lambert alipigana upande wa mfalme aliyekuwa akiitawala nchi. Mfalme aliposhindwa, yeye alikimbilia Halifax, kaskazini, pamoja na wenzake, na aibu ikabaki nyumbani kwa dada kama harufu ya samaki kwenye sufuria. Hakuna mke wa mkubwa aliyekanyaga kizingiti cha Bi Lavinia. Halafu nahodha mmoja akaleta uvumi kwamba meli aliyopanda Lambert imezama. Bi Lavinia alilia kweli, tusimsingizie. Alivaa nyeusi, akagawa glavu nyeusi na pete za msiba zenye jina la marehemu, kama wafanyavyo wenye uwezo katika mji ule. Na hapo wake za wakubwa wakaanza kuja. Wakakaa, wakanywa chai, wakamshika mkono. Msaliti aliye hai alikuwa hasameheki, lakini aliyezama baharini alikuwa kijana wa watu tu.

Pete zikiwa zimeshakaa vidoleni mwa watu, akaja kwa Bi Lavinia nahodha wa pili. Meli haikuzama. Lambert mzima, tena anasalimia.

“Sasa utapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya pete zako?” mumewe, Thaddeus, alimuuliza siku ile. Thaddeus alikuwa akinyemelea cheo katika serikali mpya. Basi wakanyamaza, na kila mwaka ulivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu. Naye mama yao mzazi, Bibi Hester, aliyekuwa akiishi humo humo ndani, aliendelea kumlilia mwanawe aliye hai. Kila Jumapili alilia. Bi Lavinia alimpa leso, akamfuta machozi, akanyamaza. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Sasa wageni mia moja walikuwa njiani, na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

“Rudi gatini umtafute,” alimwambia Ambrose. “Mwambie asije leo. Kesho nitamfuata mwenyewe.”

Ambrose alikwenda, akazunguka gati lote na vilabu vya mabaharia, akarudi mikono mitupu. Ndipo Bi Lavinia alipoteremka kwa bawabu, mtu aliyeazimwa kwa karamu ile tu, akamwagiza: akija mtu anayeitwa Yardley, mwambie Bi Lavinia hayupo nyumbani. Kwa watu wale maneno hayo hayakuhesabiwa uwongo. Hata kama taa zinawaka na unamsikia mwenye nyumba akicheka, ukiambiwa hayupo, unaacha kadi yenye jina lako na kwenda zako.

Halafu akapanda kwa mama yake.

“Mama, leo baridi kali. Bora ukae chumbani.”

“Nikae chumbani nifanye nini, nihesabu vidole?” Bibi Hester alicheka. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya wajukuu zake. “Niwekee kiti changu pale mlangoni pa ukumbi. Macho yamekwisha kuninyima. Na majina ya watu nayo uninyime?”

Desturi hiyo ya kutangaza majina Bi Lavinia aliileta mwenyewe kutoka London, na mji mzima ulimwonea wivu kwa ajili yake. Mgeni akifika, bawabu alilitangaza jina lake kwa sauti. Mtumishi wa pili, katikati ya ngazi, alilipokea na kulirudia. Ambrose, mlangoni pa ukumbi, ndiye aliyelitangaza mara ya mwisho, na hapo tu ndipo mgeni alipoingia. Ambaye jina lake halikufika juu, naye hakufika.

Kufikia usiku ukumbi ulikuwa umejaa, naye Bibi Hester ameketi mlangoni, karibu na Ambrose. Majina yalipanda, na kila moja lilipoanza kule chini Bi Lavinia alitega sikio mpaka alisikie lote. Mezani hakugusa kitu. Bi Sophronia Delaplaine, mke wa seneta, alimkamata mkono na kumwonyesha pete.

“Unaona, shoga? Sijaivua hata siku moja. Kila nikiiona namkumbuka kaka yako, maskini.”

“Una moyo mwema.”

“Mbona mkono wako wa baridi hivi? Au ni mambo ya cheo cha mumeo? Tulia. Mume wangu kashasema neno lake, na wengine wote wenye kuamua wako hapa usiku huu.”

Bi Lavinia alijikaza, akatabasamu. Na wakati huo huo, kule chini, jina likasikika.

“Bwana Lambert Yardley!”

Bawabu hakuwa na kosa. Alimwambia mgeni kwamba Bi Lavinia hayupo. Mgeni akayatazama madirisha yanayowaka mishumaa, akacheka, akasema basi yeye kaja kwa Bibi Hester Yardley, je, naye hayupo? Kuhusu Bibi Hester hakuna aliyempa bawabu agizo lolote.

“Bwana Lambert Yardley!” likarudiwa katikati ya ngazi.

Bi Lavinia alipita katikati ya wageni bila kuona alimkanyaga nani, akamfikia Ambrose, ambaye kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka.

“Funga mdomo, Ambrose,” alinong'ona. “Ukilitaja jina hilo, kazi huna.”

Ambrose akafunga mdomo, akageuza uso ukutani. Bi Lavinia akawapungia wapiga fidla mkono: pigeni, pigeni kwa nguvu! Fidla zikalia. Hatua za mtu zilikuwa zikipanda ngazi, pole pole, mguu mmoja ukiburutwa.

“Ambrose!” Ilikuwa sauti ya Bibi Hester. “Mbona jina la mwanangu limeishia ngazini?”

“Mama, umesikia vibaya,” Bi Lavinia alisema.

“Sijakuuliza wewe.”

Bibi kizee alisimama. Aligonga sakafu kwa mkongojo mpaka fidla zikatulia moja moja, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Akavuta pumzi, akatangaza kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani bado anayo:

“Bwana Lambert Yardley!”

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume aliyekonda, kavaa koti lililokwisha viwiko, akasimama mbele ya mishumaa yote ile akipepesa macho.

“Jamani,” Bi Sophronia alisema, “huyu si marehemu?”

Hakuna aliyecheka. Watu walimtazama Lambert, wakazitazama pete zao, halafu wakamgeukia Bi Lavinia. Thaddeus alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Lambert naye aliziona nguo nyeusi za mama yake na jina lake kwenye vidole vya watu asiowajua. Hakuwa mjinga. Alielewa.

“Nilizama, mabibi,” alisema, “ila si sana. Mjumbe niliyemtuma naona hakufika. Dada angejuaje?”

Alimkumbatia mama yake. Bibi Hester alimpapasa uso wote, paji, pua, masikio, kama anayetafuta kasoro. Kisha, bila kumwachia, akauliza:

“Lavinia. Hukujua?”

Bi Lavinia aliona mlango wa kutokea katika aibu ile, na kaka yake ndiye aliyeushikilia wazi.

“Sikujua, mama,” alisema. “Naapa mbele ya Mungu.”

Makofi yalilipuka. Bi Sophronia alilia hadharani. Seneta alimshika Thaddeus mkono kwa nguvu, na watu wakaambizana kwamba karamu kama hii haijapata kuonekana mjini, mtu kufufuka katikati ya chaza na divai. Bi Lavinia akaona amepona.

“Njoo nikubusu, mwanangu,” mama yake alimwita.

Aliinama. Watu waliona bibi kizee akimbusu shavuni, wakaguswa. Hawakusikia aliyoyanong'ona.

“Nimekusikia ukimwambia Ambrose afunge mdomo.”

“Mama, nisikilize...”

“Tabasamu, unatazamwa. Sitakuumbua mbele ya watu, nimekuzaa mwenyewe. Lakini kesho naondoka na Lambert, nikafie huko kwenye baridi yake. Wewe vaa nyeusi. Gawa pete, waambie nimekufa. Kazi hiyo unaiweza.”

Bibi Hester akamwachia, akaketi, akaushika tena mkono wa mwanawe. Wapiga fidla walianza upya. Thaddeus alikuja, uso umemng'aa kwa furaha, akamwambia mkewe kwamba seneta anaomba awe wa kwanza kucheza naye, na Bi Lavinia akaenda kucheza.