Lori Lililokataa Kuzimika

Lori lile lilikuwa na ugonjwa wa kuaibisha watu: mbele ya fundi lilikuwa zima, mbele ya dereva lilikufa. Likiwa gerejini liliunguruma kutwa nzima bila hata kikohozi. Likipakia kokoto na kuanza kupanda ule mlima mrefu wa kwenda mjini, saa moja haiishi, nguvu zinapungua, linatetemeka, kimya. Dereva anashuka, anafungua tangi aone kama dizeli ipo, anaikuta, anafunga, anapiga stata, na lori linawaka kana kwamba halikufanya lolote.

Dereva huyo alikuwa mdogo wake fundi, baba mmoja, mama mmoja. Tajiri mwenye lori alikuwa ameshakata shauri kwamba gari halizimiki bali linazimwa, na kwamba dereva husimama kule mlimani akauza mafuta kwa madumu, kisha akaja na hadithi.

"Nimekupa mpaka Ijumaa, fundi," alisema, amesimama kando ya bampa bila kutaka kuligusa. "Ukinionyesha ubovu, nitamwomba msamaha mbele yako. Usipouona, mdogo wako aache ufunguo wa lori mezani. Na wenzangu wenye magari wakiniuliza kwa nini, nitawaambia."

Basi hapo ikawa si lori tena. Ilikuwa jina la mdogo wake, na watu wa malori wanasemana kuliko majirani wa nyumba za kupanga.

Maneno ya wizi wa dizeli yalikuwa na miezi miwili. Yalipoanza, fundi aliumia kuona mdogo wake anapakwa matope, akaamua kuyakomesha kwa mikono yake. Alichonga mfuniko mpya wa tangi, wa chuma kizito, wenye kufuli, akaukatia mpira wa tairi la ndani kuzunguka mdomo wote ili hata tone lisivuje. "Sasa hata harufu haitoki," alijisifu, na kweli haikutoka. Tajiri akashukuru, akaenda zake. Baada ya wiki chache, lori likiwa limeanza kuzima mlimani, akarudi na hesabu nyingine kichwani: kama tangi lina kufuli na mwenye ufunguo barabarani ni mmoja, basi mwizi naye ni mmoja.

Fundi akaanza na umeme, maana ndio rahisi kuusingizia. Injini kuukuu ya dizeli ikishawaka haiuhitaji umeme, isipokuwa kwenye koili moja ndogo pale kwenye pampu, inayoshikilia njia ya mafuta ibaki wazi. Koili ikikosa moto, injini inazima. Akavuta waya kutoka kwenye koili mpaka ndani, akafunga balbu ndogo mbele ya usukani.

"Likizima, kabla hujafanya lolote, tazama taa," alimwambia mdogo wake.

Mdogo wake alirudi jioni, shati limemganda mgongoni. "Limezima palepale, kaka. Taa ilikuwa inawaka."

Umeme ukaachiwa huru. Fundi akahamia kwenye mafuta. Alibadilisha filta zote mbili. Alifungua mabomba moja moja na kuyapuliza kwa mdomo mpaka midomo ikafa ganzi. Alikaza kila kibano, akatoa upepo kwenye mfumo, akashusha pampu ndogo na kuipekua mpaka kwenye springi yake. Kila alipomaliza aliwasha, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasubiri gari life. Halikufa. Mke wake alimwambia dizeli sasa inanuka mpaka kwenye mto, naye akajibu kwamba angalau mahali fulani ilikuwa inatoka.

Kulikuwa na desturi moja aliyofundishwa na aliyemfundisha kazi, mzee aliyekuwa akigonga vidole kwa spana ukiisahau: usishike gari lolote la dizeli kabla hujafungua tangi na kuyaona mafuta kwa macho yako, kwa sababu geji ni mwongo. Fundi hakuwahi kuiacha. Gari likiingia tu, mfuniko unatoka, kitambaa kinasokomezwa mdomoni mwa tangi kuzuia vumbi, na hukaa hivyo mpaka kazi iishe. Kwa hiyo zile siku zote lori lilizounguruma mbele yake, liliunguruma tangi likiwa wazi. Alikuwa analikagua bila ule ugonjwa aliouchonga mwenyewe, na hakujua.

Ijumaa tajiri alitaka waende mlimani wote watatu, na mzigo wa kokoto juu. Alifika mapema na haraka zake. Fundi alikusanya vyombo mbiombio, mfuniko ukaingia sandukuni pamoja na spana, kitambaa kikabaki mdomoni mwa tangi. Alikiona kwenye kioo wakiwa njiani. Akajiambia mafuta ni nusu tangi, hayatamwagika.

Wakaanza kupanda. Huenda hajawahi kuwako fundi mwingine aliyemwomba Mungu gari limzimikie, lakini yeye aliomba, midomo ikicheza kimyakimya. Walipita kona ambayo lori huanza kuchoka, halikuchoka. Walipita mti uliokatwa ambapo huzima kila mara.

"Huwa linazima hapa, bosi," mdogo wake alisema. "Haki ya Mungu, huwa ni hapa."

Lori lilipanda mpaka kileleni kwa gia ileile, safi, halikuwahi kuvuta vizuri hivyo. Wakiwa juu kabisa, fundi aligeuka akamtazama mdogo wake. Ilikuwa mara moja tu, kisha akageukia dirisha.

Jioni ile fundi aliurudisha mfuniko wa kufuli tangini, na ufunguo wa lori ukaachwa mezani.

Jumatatu tajiri alileta lori likiwa limetoka machimboni, na dereva mpya ndani, kijana mpole asiyejua lolote. "Nitolee hili dude la kufuli, unirudishie mfuniko wa zamani," alisema. "Liliwekwa kwa ajili ya mwizi. Mwizi hayupo."

Fundi alilimeza hilo, akazungusha ufunguo, akalegeza mfuniko. Tangi likavuta pumzi. Sauti nyembamba, ndefu, hewa ikikimbilia ndani, kisha bati la ubavuni mwake likafutuka nje kwa mlio kama wa ndoo. Akachukua ule wa zamani rafuni, akaugeuza. Katikati palikuwa na tundu dogo la sindano. Alikuwa ameshaona mifuniko mia kadhaa yenye tundu hilo, na wa kwake hakuutoboa.

"Bosi," alisema. "Mkosaji ni mimi. Huu mfuniko hauingizi hewa. Mafuta yakitumika tangi linabana, pampu inashindwa kuvuta, gari linazima. Akifungua kutazama mafuta hewa inaingia, linawaka. Ijumaa nilisahau kuufunga. Twende sasa hivi, nitaufunga mbele yako, utaliona likizima."

Tajiri alimtazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomvunja nguvu. "Fundi, wewe ndiye mwenye spana. Ukitaka lizime, litazima. Ungekuwa wewe ni mimi, na dereva ni ndugu yake fundi, ungeamini?"

Tajiri alinyoosha mkono, akauchukua mfuniko wa chuma, akautupa nyuma ya lori kwenye kokoto, na kazi iliyobaki ikawa kufunga ule wa zamani. Aliufunga. Kuanzia siku ile lori halikuzima tena, na kila lilipopita barabarani lilimshuhudia vibaya mdogo wake.

Fundi alikwenda nyumbani kwa mdogo wake mchana uleule wa Jumatatu. Shemeji yake alimpisha mlangoni bila salamu nyingi. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani, viatu vina vumbi.

"Nimezunguka yadi tatu," alisema. "Wote wameshasikia."

Fundi akamweleza yote, toka mpira wa tairi mpaka tundu la sindano, hakujifichia hata kidogo. Akasema atachonga mfuniko mwingine kama ule, aende nao mkononi yadi moja baada ya nyingine.

"Watakuuliza mimi ni nani wako."

"Nitawaambia ukweli. Mdogo wangu, nisamehe. Ni mimi niliyekuharibia."

"Mfuniko nimeshausamehe, kaka, ulitaka kunisaidia." Alianza kufungua kamba za viatu, taratibu, bila kuinua uso. "Ila pale juu, gari lilipokataa kuzima, ulinitazama."

Fundi alifungua mdomo aseme hapana. Shemeji yake naye alikuwa amesimama anasubiri aseme. Lakini alikuwa amemtazama, na wakati ule alikuwa ameamini kwamba ni mwizi.