Mti Uliongoja Baridi Ikonge

Alfayo Nyamweya alirudi Ikonge mwaka 1968 akiwa na koti zito, namna mpya ya kushika kikombe, na mfuko wa koti uliojaa mbegu. Idara ya Misitu ilikuwa imempeleka Denmark kwa muda mfupi kusomea utunzaji wa miche. Huko akapendana na mti wa watu.

Mti huo uliitwa biichi. Shina lake laini na la kijivu, majani yake machanga membamba hata jua likipita ndani yake mtu huonekana kijani usoni. Majirani walijua haya yote. Walikuwa wameyasikia mara nyingi kiasi kwamba, ibada ya Sabato ikiisha, walimwona Alfayo kwa mbali wakakumbuka ng'ombe hajanyweshwa.

Lakini alikuwa na hoja. Kilima cha juu yao kilikuwa kimenyolewa kupisha mashamba ya chai, na ukungu uliozoea kukaa mpaka katikati ya asubuhi sasa uliondoka mapema kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Hewa ilikuwa inabadilika. Biichi, alisema Alfayo, ungefunika kilima na kurudisha baridi. Kwamba mti wenyewe huhitaji baridi kwanza ndipo uote, hilo alilikumbuka akiwa tayari ameshatangaza.

Basi akaenda Nyamira mjini kwa Shueib, mwenye duka, kwa sababu Shueib alikuwa na friji ya mafuta ya taa.

"Nataka kuweka hapa mbegu za biichi," akasema, akimwonyesha mkebe wa mchanga mbichi.

"Mti mbichi?" Shueib akauliza. "Bwana Misitu, miti yote si huanza mibichi?"

"Biichi. Ni mti wa Ulaya. Lazima mbegu zihisi baridi ndefu, zidhani zimepitia theluji."

Shueib akautazama ule mkebe, akamtazama na yeye. "Kwa hiyo wataka kuzidanganya."

Alfayo hakuwa amewahi kuitazama taaluma yake kwa namna hiyo. Akakubali kwamba ndiyo, alitaka kuzidanganya. Mkebe ukakaa katikati ya soda majira yote ya mahindi, na Mariam, mke wa Shueib, akawaambia wateja wasiuguse, ni mali ya serikali.

Nyingi zilioza. Chache zikaota, konokono wakazila. Mche mmoja ukapona, Alfayo akaupanda nyumbani pembeni mwa chai ya mkewe, Bochaberi, akauzungushia ua mzuri kuliko ule wa kuku.

Ukakua hadi kimo cha goti. Kisha, bila ugomvi na mtu, ukalala. Majani yakawa kahawia, yakakauka, yakakataa hata kuanguka. Mvua zikaja zikapita, kila kitu Ikonge kikachipua isipokuwa huo.

"Baba Nyanchera, mti umekufa," Bochaberi akasema.

Alfayo akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa kijani. "Umelala tu. Unangoja majira ya baridi."

"Yatakuja lini?"

Kwa kuwa Ikonge iko karibu sana na Ikweta, jibu la kitaalamu lilikuwa kwamba hayangekuja kamwe. Akasema wangoje.

Sabato moja alasiri walikuwa kanisani mbingu zilipofunguka. Mvua ya mawe ikayapiga mabati kwa nguvu hata mhubiri akafunga Biblia. Alfayo alisimama mlangoni akiona uwanja unageuka mweupe, mweupe kabisa, kama kule! Moyo ukamjaa. Katika kelele zile hakuna aliyeweza kumsikia, kwa hiyo akapaza sauti kwa uhuru wote.

Mawe yakakoma ghafla, kama yanavyokoma. Na katika ukimya huo kanisa zima likamsikia Alfayo Nyamweya akipiga ukelele: "Asante Mungu! Ongeza!"

Aligeuka polepole. Watu waliokuwa wakiiombea chai yao walimtazama. Onyancha, ambaye shamba lake lilipakana na lake, akauliza kwa upole uliotisha, "Aongeze nini?"

Alfayo akashika njia ya nyumbani, Bochaberi akiwa mbele yake.

Nyumbani chai ilikuwa imechanwachanwa, vijiti vitupu, majani yametapakaa matopeni. Bochaberi alitangulia shambani. Alfayo akajikuta amesimama karibu na mti wake na karai mkononi, tayari kuurundikia barafu shinani. Mkewe akamwona.

"Chota basi," akasema. "Si imeshamwagika?"

Hakuchota. Aliweka karai chini, akaenda akasimama kando yake kati ya mashina yaliyovuliwa, na hakutaja Ulaya.

Asubuhi ya pili alibisha kwa Onyancha.

"Kweli niliomba," akasema. "Sikufikiria chai. Hata yangu sikuifikiria."

Onyancha akaingia ndani, akarudi na visu viwili. "Ungekuwa mganga, ningekuogopa. Lakini wewe ni mjinga tu. Chukua kisu cha kupogolea."

Wakapogoa shamba la Onyancha, kisha la Bochaberi, na katika kazi hiyo Onyancha alicheka mara mbili peke yake, bila kusema kwa nini. Hakukuwa na haja.

Majuma kadhaa baadaye, chai ikianza kurudi, upande mmoja wa ule mti ukafungua majani. Alfayo akapiga magoti. Alijua vizuri kwamba barafu ya alasiri moja haitoshi kuwa kipupwe. Mawe yalikuwa yameyapukutisha majani makavu, na kipigo ndicho kilichouamsha. Nadharia yake yote haikuwa na kazi hapo. Hakumwambia mtu. Kisha akamwambia Bochaberi, ambaye alikaa chini kwa kicheko.

Tangu hapo mti uliishi kama mtu aliyeamka usiku hajui saa: tawi hili likichipua, lile likikauka, jingine limelala fofofo, yote mwaka uleule. Kufikia mwaka 1975 mti ulikuwa haujamfika Alfayo kifuani. Kilimani, Alfayo na Onyancha walikuwa wameanza kuotesha mbegu walizookota chini ya miti michache ya asili iliyobaki huko huko, na hizo hazikuhitaji friji. Ziliota kwa fujo. Alfayo aliipalilia miche hiyo kwa bidii, akiwa na wivu kidogo kwa niaba ya biichi wake.