Mtumbwi wa Fundi wa Matofali

Siku Sikuli alipoleta mbao za kwanza nyumbani, alikuwa hajawahi kupanda mtumbwi hata mara moja. Alikuwa fundi wa matofali, mmoja wa waliojenga nusu ya kuta za mtaa wao pale Butembo, na maji aliyoyajua ni yale ya kukorogea simenti na yale ya vidimbwi vya samaki huko bondeni. Sasa mbao za mkaratusi zilikuwa zimelala uani, misumari imejaa kopo la maziwa, na majirani wameegemea ua kama watu waliolipa kiingilio.

"Papa Phinées, hii kitu utaipeleka wapi? Siye tuko ku mulima," jirani mmoja alimuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ku ziwa," Sikuli akajibu, akaendelea kupiga msumari.

Godelive, mkewe, alikuwa jikoni akisonga ugali. Yeye hakucheka. Alijua mtumbwi ule ni wa nini, na alikuwa ameuchukia tangu ubao wa kwanza.

Mtoto wao Phinées alikuwa ameteremka Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard, kutafuta samaki wa kuja kuuza sokoni. Upepo ulimkuta yeye na wavuvi katikati ya maji, mtumbwi ukapinduka. Waliokulia ziwani waliogelea hadi wakaokolewa. Phinées alikulia mlimani, na mlimani mtoto hufundishwa kupalilia viazi na kuimba kwaya. Kuogelea nani amfundishe, na wapi? Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka, hawakupata hata kiatu.

Katika ukoo wao, mtu akifa na mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa sanda, likaombewa, likazikwa. Siyo kwamba watu hawajui tofauti ya mgomba na mtu. Wanaijua sana. Lakini bila kaburi kilio hakikai, na kilio kisichokaa hakiishi. Mama hapati watu wa kulala naye chini matangani, wala hafiki siku ya kunyolewa nywele na kurudi shambani kwake.

Kwa hiyo Gamaliel, kaka mkubwa wa Sikuli, alikuja na panga mkononi, mgomba ameshauchagua. Sikuli alimzuia palepale mlangoni.

"Yaya, mukubwa yangu, mimi hapana kuzika ndizi," alisema. "Nitajenga mutumbwi, nitaenda kumutafuta mimi mwenyewe. Nikimukosa, njo tutaongea mambo ya mugomba."

"Lakini si ukodi mutumbwi ya batu?"

"Mutumbwi ya batu njo ilimumwanga mu maji."

Gamaliel akarudi kwake na panga lake. Ndivyo Godelive alivyobaki katikati, si mfiwa, si mama wa mtoto aliye hai. Wanawake wa kanisani walikuja wamejifunga vitenge vya kilio, wakamkuta baba mwenye nyumba anapiga randa na kupiga mluzi, wakaona haya, wakasalimia tu na kwenda zao. Godelive alilia akichota maji, akalia akimenya viazi, akijificha kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alimchukia mumewe kwa hilo, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

"Papa Phinées, uniache nilie mutoto wangu," alimwambia mara nyingi.

"Mutumbwi ikiisha," mumewe alijibu kila mara.

Nao mtumbwi ulikuwa hauishi. Mbao alizozikunja zilipasuka, akatafuta nyingine, nazo zikapasuka. Alipima mbavu za mtumbwi kwa timazi na nivo, kama anasimamisha ukuta wa shule, akashangaa kwa nini hazikubali kunyooka. Ubavu mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake. Mwisho wa yote akaja kwenye nyufa kati ya ubao na ubao, na hapo mwashi akarudi kwenye anachokijua: alichekecha mchanga hadi ukawa kama unga, akakoroga na simenti, akaziba nyufa zote kwa mwiko, taratibu, akilainisha kwa kidole. Siku ile uso wake ulikuwa na raha. Godelive alimtazama kutoka jikoni, na chuki yake ikaingiwa na huruma bila yeye kutaka.

Waliupakia mtumbwi kwenye lori la Fuso, juu ya magunia ya unga, na Godelive akasema naye anakwenda. Barabara ya kuteremkia ziwani haina urafiki na mtu, sembuse na simenti. Walipofika chini, kazi yote ya mwiko ilikuwa imekatikakatika na kulala vipande vipande sakafuni mwa mtumbwi.

Wavuvi walikusanyika kutazama. Mmoja aliokota kipande cha simenti, akakiinua juu, na pwani nzima ikacheka. Ndipo mwanamume mmoja aitwaye Eliezer alipouliza wageni wametoka wapi na wanatafuta nini.

"Butembo," alisema Godelive. "Tuko bazazi ya Phinées, baba na mama yake."

Eliezer akawasogelea. Alikuwa ndani ya mtumbwi ule uliopinduka. Yeye ndiye aliyeshika mkono wa Phinées, na yeye ndiye aliyeuachia. Hayo aliwaambia hapohapo amesimama, bila kujitetea. Kisha akaenda kuleta pamba na lami, akapiga magoti kando ya Sikuli, wakakwangua simenti yote pamoja na kuziba nyufa upya. 

Wakati huo wote Sikuli alikuwa ameyapa maji mgongo. Walipoushusha mtumbwi ndipo alipoinua macho. Maji usiyoyafika hujui wingi wake: mtu huyu alikuwa amejenga mtumbwi wake akiliwaza ziwa kama vidimbwi vya bondeni vilivyounganishwa, vitu vya kuzunguka siku mbili tatu, ukichungulia kila pembe. Alitafuta ng'ambo kwa macho, hakuiona.

"Hii njo ziwa yote?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, papa," alisema Eliezer. "Hii ni kona tu."

Mtumbwi ulielea. Uliinama upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu, lakini ulielea, na wavuvi waliocheka asubuhi walikubali kwa vichwa. Eliezer alipiga kasia, Sikuli akakaa mbele. Godelive alibaki pwani, akawatazama wakipungua hadi wakawa doa, na doa likapotea. Akaomba. Aliomba mumewe arudi amekubali, ili waende nyumbani wakazike, naye apate kilio chake kama mama wengine.

Jua lilikuwa limeanza kulegea waliporudi. Sikuli alishuka kabla mtumbwi haujagusa mchanga, maji yakamfika magotini, akatembea moja kwa moja hadi alipo mkewe. Sauti ilikuwa imemkauka. Eliezer alisema baadaye kwamba mzee aliita jina la mtoto huko katikati mpaka koo likagoma.

"Phinées alikufa," Sikuli alisema. "Alikufa, mama. Turudi ku nyumba, tukate mugomba."

Ndilo neno Godelive alilokuwa akilidai miezi yote ile. Sasa limetoka. Aliketi mchangani. Akaona wazi jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa jikoni kwake: kwamba aliweza kulia vile, na kudai kaburi vile, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja uani aliyekuwa anapiga misumari na kukataa. Yeye alikuwa amemzika mtoto moyoni, na mumewe alikuwa amemwachia mlango wazi. Walikuwa wamegawana kazi bila kuambiana. Alimshika mumewe suruali iliyolowa, akaivuta kama mtoto anayekataa kuachwa.

"Hapana sema vile," alisema. "Wewe hapana sema vile. Sasa nani atabakia kumungojea?"

 Sikuli aliketi kando yake kwenye mchanga mbichi, akamshika, na kwa mara ya kwanza tangu habari ile iwafikie, walilia wote wawili.