Cherehani Ndani ya Kioo

Makumbusho ya mji yalikuwa katika jengo lililowahi kuwa posta, na mkuu wake alikuwa mwanamume mrefu, mpole, ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Kale. Walimwita hivyo mbele yake na hakukasirika. Mchana, mkata tiketi akimwona bado kainamia kazi, humchungulia mlangoni na kumwambia, "Bwana Kale, hebu nenda kale," na wote wawili hucheka, ingawa utani wenyewe ulishachakaa kama zulia la ukumbini.

Hakuwa na mke. Zamani alichumbia, uchumba ukavunjika, na tangu hapo kazi ndiyo ikawa nyumba yake. Hata Jumapili, milango ikiwa imefungwa kwa wageni, alikuja, akafungua madirisha kupunguza harufu ya dawa ya nondo, akakaa ofisini akisikiliza watu wakipita barabarani.

Ndugu yake alikuwa mmoja tu, dada yake mdogo, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa hawasemezani tangu mama yao afariki. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na watoto wa mtaa mzima walivaa sare alizoshona yeye. Alipokufa, kaka alitaka cherehani yake iende makumbusho, watu wajifunze. Dada alitaka ibaki kwake. Walizungumza mara moja, hawakumaliza. Kaka ndiye aliyekuwa na funguo za nyumba, na gari la kazi lilikuwa chini yake. Dada alipokwenda kuichukua, alikuta sakafuni alama za miguu ya meza ya cherehani tu.

Hakugomba. Aliacha kupokea simu. Na kwa kuwa wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime, jamaa na majirani walishika majembe yao kila mtu akaenda zake, hakuna aliyewapatanisha.

Mwaka ule ziara za shule zilikuwa zimepungua sana. Walimu wakuu walimwambia kwa adabu kwamba siku hizi watoto huviona vitu vya kale kwenye simu za wazazi wao. Bwana Kale akazunguka shule hadi shule, akieleza kwamba picha haina uzito wala harufu, na kwamba mtoto akisimama mbele ya kitu chenyewe huuliza maswali yasiyokuwamo vitabuni. Wengi walitikisa vichwa kumkubalia, kisha hawakuleta mtu. Shule moja ikaleta darasa. Hakujua kwamba dada yake alikuwa amehamishiwa pale.

Alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, maneno ya kukaribisha yako tayari mdomoni, alipomwona akishuka kwenye basi nyuma ya wanafunzi. Alikuwa amekonda. Miwani ilikuwa mipya, au pengine ilikuwa ya zamani na ni yeye tu aliyekuwa hajaiona.

"Habari za asubuhi, Bwana Mkuu," dada alisema. "Hili ni darasa la tano. Wamefurahi kuja."

"Karibuni," akasema, na maneno mengine yote yakamtoka kichwani.

Aliwaonyesha mizani za sokoni, taa za mafuta, mashine ya kupiga chapa. Aliongea haraka mno. Watoto walinong'onezana, wengine wakaanza kusukumana. Dada alitembea nyuma yao na mkoba wake kifuani, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Mwishowe wakafika kwenye kabati la kioo lenye cherehani.

Kibao chake kilisema: *Cherehani ya mkono. Chuma na mbao. Ilitumika kushonea nguo hapa mjini.* Jina la mwenyewe halikuwapo. Bwana Kale aliona si haki mkuu wa makumbusho kuutangaza ukoo wake kwa mali ya umma.

"Ilikuwa ya nani?" akauliza msichana aliyekuwa mbele.

"Ya fundi mmoja."

"Fundi gani?"

Bwana Kale akamtazama dada yake.

"Ilikuwa ya mama yetu," dada alisema. "Mimi na Bwana Mkuu ni mtu na kaka yake."

Watoto wakageuka wote kwa pamoja. Kusukumana kukaisha.

Dada akasogea mbele. Akawaambia jinsi alivyokuwa akizungusha mpini huu akiwa mdogo kuliko wao, ili mama apate mikono miwili ya kuongoza kitambaa. Mama alimwambia, polepole, sindano haijui tofauti ya nguo na kidole. Akawaambia kwamba kila sare iliachiwa pindo pana chini, mtoto akirefuka lifunguliwe, asionekane mtoto wa maskini.

"Na mimi ndiye niliyezipeleka kwa wenyewe," Bwana Kale alisema. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Siku moja nikachanganya mafurushi. Mnene akapelekewa ya mwembamba. Alijitahidi kuivaa hadi shuleni, vifungo vikaruka darasani."

Watoto walicheka. Dada naye karibu acheke, lakini alikuwa ameinama kuitazama cherehani kwa karibu, uso umegusa kioo.

"Kile kitambaa kiko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini. "Cha kuchomekea pini. Mama alikifunga hapa, shingoni mwa cherehani."

"Kiliondolewa ilipokuwa ikisafishwa. Niliagiza uchafu wote utolewe."

"Uchafu," dada alisema.

Msichana wa mbele akauliza kama bado inalia. Bwana Kale akatoa funguo mfukoni, akafungua kabati. Mlinzi, ambaye kila siku alikumbushwa kwamba vitu havishikwi, akageuka na kuanza kuukagua ukuta. Dada akashika mpini, akauzungusha. Ukatoa mkwaruzo mkavu, kisha ule mlio wa haraka walioufahamu wote wawili. Baada yake watoto wakapanga foleni, kila mmoja akapata zamu, na hakuna aliyeharakishwa.

Nje, wanafunzi wakipanda basi, Bwana Kale alisema, "Nikiomba rasmi, pengine wakubwa wangu wataniruhusu kukurudishia."

"Sikuja kuichukua. Ikiwa kwangu wataiona wanangu tu." Dada alikuwa akiwahesabu watoto kwa macho. "Lakini ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

"Labda ningekataa. Lakini ungeniuliza." Akamaliza kuhesabu, kisha akasema, "Kile kitambaa kilikatwa kwenye sare yako ya kwanza. Ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

Dada akapanda basi. Hakupunga mkono, ila alikaa dirisha la upande aliosimama kaka yake.

Mchana ule hakuja mgeni mwingine. Mhudumu alipofika na ndoo kufuta alama za vidole kwenye kabati, Bwana Kale alimwambia aache kwanza, na mhudumu akaenda zake bila kuuliza. Bwana Kale akakaa kwenye benchi mbele ya cherehani, mkono ukipapasa ukosi wa shati. Alijaribu kukumbuka rangi ya kitambaa kile. Haikumjia.

Jua lilipokuwa linazama akampigia dada simu. Iliita kwa muda mrefu ikakatika. Akapiga tena.

"Ndiyo," dada alisema.

"Nataka kubadilisha kibao. Niweke jina la mama, na yale uliyowaambia watoto. Habari ya pindo. Nakuomba ruhusa."

"Ngoja nifikirie," dada akasema.

"Fikiria. Sina haraka."

Hakuaga, wala hakukata. Ilielekea simu imewekwa mezani. Bwana Kale akasikia maji yakimiminwa, kijiko kikigonga sufuria, na mtoto akiuliza iliko kalamu yake. Ilikuwa sauti ya kijana mkubwa sasa, asingemtambua. Nyumba ile hakuwahi kuiingia. Alisimama kwenye korido ya makumbusho, taa hazijawashwa, simu sikioni, akawasikiliza wakitafuta kalamu mpaka simu ilipokatika.