Saa Moja Kutoka Dar

Wenseslaus alikuwa ameahirisha maziko ya mama yake mara mbili, zote kwa simu. Kazi imembana, alisema, lakini wasiwe na shaka: kutoka Dar es Salaam mpaka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ni saa moja tu hewani.

Simu hizo alizipokea Flavia, mdogo wake. Ndiye aliyekaa na mama kijijini Mkuu, huko Kilimanjaro, miaka sita ya kiharusi, akimgeuza kitandani, akimlisha mtori kwa kijiko. Katika miaka hiyo kaka yake hakupanda kuja nyumbani hata Krismasi moja, wakati ambapo kila Mchaga mwenye nauli hurudi kwao. "Ni saa moja tu," alikuwa akisema. "Akizidiwa niambie." Flavia alimwambia mara nne. Mara ya tano alimwambia mama amefariki.

Siku ya maziko, waombolezaji wakiwa wameshajaa uani, simu ililia saa sita.

"Nimekosa ndege ya asubuhi," Wenseslaus alisema. "Foleni za huku unazijua. Napanda ya saa saba, saa nane nimetua."

"Na kutoka uwanjani mpaka huku? Umesahau barabara ya kwenu? Ni saa mbili na zaidi."

"Basi nisubirini. Mimi ndiye mtoto wa kwanza."

Flavia alikata simu. Padri alikuwa na maziko mengine kigango cha juu saa kumi. Baba mdogo Kornel, msemaji wa ukoo, alishauri wamwombe padri radhi, wasubiri kesho.

Maishani mwake Flavia hakuwahi kumpinga mzee huyo. Siku hiyo alisimama mbele yake kwa hasira.

"Baba mdogo, naomba unisamehe. Mama alimsubiri miaka sita, mlango ukilia anageuza macho. Nilikuwa nayaona macho yale kila siku. Leo hatasubiri mtu."

Kornel akawaita vijana wabebe jeneza. Saa nane na nusu mama alikuwa ardhini, ndani ya kihamba, shamba lake la nyumbani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Saa kumi na moja kasoro gari liliingia uani. Wenseslaus alishuka amevaa suti nyeusi, akaliona kaburi lenye mashada, akamgeukia dada yake.

"Umenidhalilisha mbele ya ukoo mzima."

"Umekaa hewani muda gani, kaka?"

"Hilo linahusu nini?"

"Nauliza. Muda gani?"

"Dakika hamsini na tano," alijibu, bila kumtazama.

"Dakika hamsini na tano," Flavia alisema. "Sasa nenda pale kaburini umweleze."

Hakwenda. Alitazama saa yake, kisha dereva, ambaye hakuwa amezima injini. Kornel naye aliona.

"Unarudi leo?" mzee aliuliza.

"Nina ndege saa tatu, baba mdogo. Kesho asubuhi nina kikao."

"Basi nenda, usije ukaikosa na hiyo," Kornel alisema, akampa mgongo.

Gari lilipoondoka, Flavia alichukua mundu akaenda kumkatia ng'ombe majani, akiwa bado na gauni la msiba. Alikata kwa nguvu, akakata mengi kupita yale ambayo ng'ombe mmoja angemaliza kwa siku mbili, na hasira haikupungua.